Mwaka wa Kupimwa Mionzi Nyahanga

Kijana aliyesoma wasifu wa marehemu alivaa koti lililompwaya mabegani, na alisoma vizuri tu mpaka alipofika mahali pa kunitia kichaa. Alisema Mzee Maduhu, katika mwaka ule wa maafa ya Japani, alijitolea kwa kifaa chake mwenyewe kuulinda mtaa wetu wa Nyahanga dhidi ya mionzi ya sumu, bila kutafuta sifa. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama mmoja aliyekaa mbele yangu akasema "kweli kabisa," kwa sauti ya mtu anayekumbuka fadhila. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya turubai, nimetoka Geita kwa basi la asubuhi, tena niko katika ua wa nyumba ambayo najua kila ufa wa sakafu yake, maana niliwahi kuideki. Nikajiambia moyoni: Minza, funga mdomo, umekuja msibani. Nikaufunga. Lakini mwaka wote ule ukanirudia pale pale nilipokaa, na harufu zake na maneno yake.

Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, nimeajiriwa kuuza dukani kwa Mama Yasmin. Nilitoka wapi na nilifikaje Kahama, hayo sitayaandika hapa. Kila mtu ana kwao, na kwetu hakukuwa na jambo la kuwachosha watu. Naanzia dukani. Duka lilikuwa mbele, nyumba ilikuwa nyuma, na katikati palikuwa na stoo ndefu isiyo na dirisha ambako chumba changu kilimegwa kwa ukuta wa mbao. Tuliuza vitu vya Japani vilivyokwisha kutumika: injini za dizeli za mashine za kukobolea mpunga, ambazo wenye mashine wa Kagongwa walizifuata wenyewe, pampu za maji, feni, baiskeli, majiko ya umeme, mafriji. Vilikuja kwenye kontena vimebanana, vingine bado na maandishi ya wenyewe ambayo hakuna mtu mjini aliyeweza kuyasoma. Nililala na harufu ya oili chakavu na mpira, na mpaka leo nikipita gereji nasimama kidogo, nashindwa kueleza kwa nini.

Mama Yasmin alikuwa Mhindi wa Kahama. Nasema hivyo kwa sababu alizaliwa hapo hapo, mumewe amezikwa hapo hapo kwenye makaburi ya Waislamu, na Kisukuma chake kilikuwa kizito kama cha watu wa Didia, ambako baba yake alikuwa akinunua pamba zamani. Mkulima akiingia dukani na vumbi lake, Mama Yasmin alimwamkia "mwadila," akamuuliza mvua imefika wapi, ng'ombe wanaendeleaje, watoto je, mpaka mkulima anasahau alichofuata. Alikuwa mfupi, mwepesi wa hasira, mkali kwa vumbi. Chakula chake sijakipata tena popote. Alichemsha dengu na tangawizi na pilipili ya kijani, akaweka pembeni sahani ya michembe, vile vipande vikavu vya viazi vitamu tulivyovizoea wote, na akala kwa mkono akisema hakuna Mhindi wa Bombei aliyewahi kula vizuri hivi. Tulikula jikoni, mimi na yeye, tukiegemea friji.

Lile friji ndilo kiini cha habari hii, kwa hiyo nilieleze. Halikuwa la kuuza. Lilikuwa la kijani iliyofifia, rangi ya jani la mpera lililoanza kukauka, na mkono wake wa kufungulia ulikuwa umevunjika safarini. Mama Yasmin aling'oa kishikio cha shaba kwenye droo ya kabati la marehemu mumewe, akamwambia fundi akifunge pale. Likikaa muda bila kufunguliwa liliguna kwa sauti ya mzee anayeamshwa. Ndani kulikuwa na maziwa mgando, achari ya maembe, na chupa nyingi za maji, kwa sababu jirani yetu Mama Shija, mwenye mgahawa, alikuwa akija kila mchana kuchukua maji baridi ya kutengenezea juisi yake. Alichukua bure. Ukuta wa chumba changu ulipakana na mgahawa wake, na kila kilichosemwa kwenye meza zake kilinifikia kitandani, hata nisichotaka kusikia.

Televisheni ya kwanza kuonyesha lile wimbi ilikuwa ya Mama Shija. Tuliacha duka wazi tukakimbilia kule. Maji meusi yalikuja yakibeba nyumba nzima nzima, magari yakielea na kugongana, na mgahawani hata waliokuwa wanakula supu walishika vijiko hewani. Siku ile watu walikuwa na huruma, sitawanyima haki yao. Mama Yasmin alilia waziwazi, maana alikuwa na mtu wake kule, mzee mmoja wa mji wa pwani aliyekuwa akimfungashia mzigo miaka yote, na simu yake haikupatikana. Alipiga na kupiga. Baadaye ujumbe ukaja kwamba mzee yuko hai, amehifadhiwa shuleni kwenye mlima, na Mama Yasmin akagawa halua dukani kwa kila aliyeingia. Halua waliila. Nani kapona, hakuna aliyeuliza.

Kisha picha zikabadilika. Tukaanza kuona jengo la kinu cha umeme wa nyuklia likitoa moshi, na mtangazaji akieleza kwamba kinu kimepoteza ubaridi wake na mionzi inavuja. Na ikaja picha moja ambayo ndiyo iliyotuponza: mtu aliyevaa nguo nyeupe toka kichwani mpaka kwenye viatu, amepiga magoti mbele ya mtoto aliyeinua mikono, anampitishia kidude mwilini kwa utaratibu, kichwani, kifuani, nyayoni. Wengine waliona mtoto. Maduhu aliona kidude. Alikuwa amekaa meza ya kona, mguu juu ya mguu, na nilimsikia akisema kwa sauti ya mtu aliyepata wazo zuri, "Kama hicho mimi ninacho."

Alichokuwa nacho ni mashine ya kutafutia dhahabu. Kila mtu wa ukanda ule anaijua: mpini, sahani ya duara chini, na spika inayolia ikipita juu ya chuma. Maduhu alizunguka nayo kwenye machimbo ya Geita na ya kwetu, na miezi ile dhahabu ilikuwa imemkimbia, amekaa tu nyumbani anawasumbua watu. Na wachimbaji wanaijua tabia ya hiyo mashine kuliko mtu yeyote. Wanajua inalilia kifuniko cha soda. Wanajua inalilia msumari, pini ya nywele, kipande cha bati. Mchimbaji anaweza kufukua shimo la kiuno akatoa ufunguo wa kopo la samaki, wenzake wakamcheka wiki nzima. Sasa niambieni, watu hao hao waliwezaje kuamini? Maduhu aliwaambia amezungusha kitufe. Basi. Eti ukikizungusha kushoto inapima dhahabu, ukikizungusha kulia inapima mionzi ya Japani. Na watu wazima, wenye akili zao na ndevu zao, wakasema alaa, kumbe.

Nilikuwa nikiyasikia maneno yakikua upande wa pili wa ukuta. Jioni moja ilikuwa kwamba magari yale yaliyosombwa na maji ndiyo yatakayokaushwa na kuletwa kwetu. Jioni nyingine yalikuwa yamekwisha kuletwa. Mfugaji mmoja wa Didia aliyenunua pampu kwetu, ng'ombe wake akatupa mimba, na habari hiyo ikaliwa na supu mpaka mifupa. Halafu Shija, mtoto wa mwenye mgahawa, akatokwa na mapunye kichwani. Mapunye, jamani. Ugonjwa ambao nusu ya darasa lake walikuwa nao, wamepakwa dawa ya rangi ya zambarau, wanakimbia na mpira. Lakini Mama Shija akaishika ile nywele iliyonyonyoka, akaionyesha mezani, na akasema mtoto wangu amekuwa akinywa maji ya kwenye friji la Mhindi. Nilisikia kiti kikivutwa. Nilisikia mtu akitema mate.

Afisa wa serikali alisema redioni kwamba hakuna hatari, kwamba bidhaa zinakaguliwa bandarini. Mtaani walisema amepewa kitu kidogo. Mama Yasmin aliwaambia kwamba mzigo wake ulifika kabla ya mavuno ya mwaka uliopita, wakati Japani bado imelala salama, na watu waliokuja kuupakua walikuwa hao hao wa mtaani. Walisema mionzi haina tarehe. Mchungaji wa kanisa moja la karibu alihubiri kwamba Mungu amewapiga wale na sisi tusijiunge na adhabu yao kwa tamaa ya vitu. Alihubiri kwa kipaza sauti cha Kijapani, tulichomuuzia sisi.

Wakati huo Maduhu alikuwa amepata kazi. Alipita nyumba kwa nyumba, amejifunga kitambaa cheupe puani, na mkewe Mama Sayi akimfuata nyuma na ndoo ya maji ya chumvi ya kunyunyizia, uso ameuinamisha. Na nyumbani kwake je? Uani kwake, juu ya jiko la mkaa lile lile la kupikia ugali, Maduhu alichoma mchanga wa dhahabu na zebaki, moshi ukitambaa kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye vichwa vya watoto. Hilo hakuna aliyeliogopa. Zebaki ni yetu, tumeizoea, tunaishika kwa viganja. Sumu mbaya ni ya mgeni. Nilimwambia hivyo Mama Shija dukani, akaniambia, "Wewe umeshapofushwa na dengu."

Kwetu kuna adhabu inayoitwa kutengwa. Mtu akiukosea mtaa, wazee na sungusungu wakikaa wakaamua, basi hakuna wa kumwamkia, hakuna wa kumuuzia, hakuna wa kumwazima moto, na akifa hakuna wa kumchimbia. Hawampigi, hawamtukani. Wanamfanya hayupo. Nimeona mwanamume mwenye ng'ombe wengi akilia hadharani kwa ajili ya salamu. Mwenyekiti wa mtaa alikuja dukani jioni, akasimama mlangoni bila kuingia, akasema mama, watu wana wasiwasi, ruhusu vitu vyako vipimwe mbele ya wote, vikiwa safi yaishe, ukikataa watakutenga. Mama Yasmin alikuwa na binti Tabora aliyemsihi aondoke tangu mumewe afe, na siku zote jibu lake lilikuwa moja: kaburi lake liko hapa, na langu litachimbwa kando yake. Kutengwa kulimaanisha hakuna wa kulichimba. Akamwambia mwenyekiti, njooni mpime.

Walikuja asubuhi baada ya ibada, mtaa mzima, na nguo zao nzuri. Tulikuwa tumetoa vitu nje tangu alfajiri, mimi na yeye, tumevifuta vumbi. Ndiyo, alivifuta vumbi, kwa sababu wageni walikuwa wanakuja. Maduhu alisimama, akazungusha kitufe chake taratibu ili kila mtu aone, akapitisha sahani juu ya injini ya kwanza. Ikalia. Feni, ikalia. Baiskeli, ikalia mpaka watoto wakaziba masikio. Akaingia jikoni, nasi nyuma yake, akaipitisha kwenye friji, ikalia kuanzia juu mpaka chini, na alipofika kwenye kile kishikio cha shaba alisimama akasema hapa ndipo ilipojikusanya. Watu walirudi nyuma wakakanyagana.

Mama Yasmin hakupiga kelele. Alitoka uani, akaenda moja kwa moja kwa Mama Shija, aliyekuwa amekuja na sufuria yake kubwa mkononi kwa sababu alikuwa anatoka kuiosha bombani, akaionyesha kwa kidole na kurudisha macho kwa Maduhu. Nakumbuka maneno yake kama yalivyo.

"Hii haikununuliwa kwangu. Imetoka sokoni, imetengenezwa Dar. Ipime."

Maduhu alisita. Nilimwona. Macho yake yalikwenda kwa mwenyekiti, yakaenda kwa mkewe, na mkewe akatazama pembeni. Nilikuwa nimesimama karibu na Mama Yasmin na moyo wangu ulikuwa unacheka kabla ya kinywa, nikijua kwamba tumekwisha shinda, kwamba jua halitazama kabla ya watu hawa kumwomba msamaha huyu mama. Wachimbaji walikuwapo, wamejaa tele. Kila mmoja alijua sufuria itafanya nini. Akaipitisha. Sufuria ikalia.

Mama Yasmin akageuka kuwatazama, mikono kiunoni, na kwa mara ya kwanza wiki nyingi nikamwona akikaribia kutabasamu. Ndipo Mama Shija akaiachia sufuria ikaanguka, akajishika kifua.

"Ametuambukiza wote," akasema. "Imeshaingia mpaka kwenye vyombo vyetu."

Na watu wakaipokea. Nawaapia, waliipokea kana kwamba ndiyo maana pekee iliyokuwapo. Wanawake walianza kujivua bangili. Mtu akatoa funguo mfukoni akazitupa chini. Waliokuwa wamesimama karibu na sisi wakasogea, na palikuwa na uwazi wa duara, mimi na Mama Yasmin katikati, na yeye mikono bado iko kiunoni kwa sababu hakuwa amepata habari kwamba ameshindwa. Mwenyekiti hakutamka neno la kutengwa. Hakukuwa na haja. Wiki ile vyombo vya mtaa mzima vilisuguliwa kwa majivu na kuanikwa ili jua liue mionzi. Gari la mwenyekiti, ambalo lilitoka Japani kama injini zetu, halikuanikwa popote. Wala televisheni ya Mama Shija. Wala kile kipaza sauti.

Miezi iliyofuata niliishi katika nyumba isiyokuwapo. Nilikwenda bombani, foleni ikanitawanyikia. Muuza mkaa aliangalia juu ya kichwa changu. Wenye mashine wa Kagongwa walikuja mara moja, wakaambiwa kitu kule barabarani, hawakurudi. Mama Yasmin aliendelea kufungua duka kila asubuhi, kufagia mbele, kukaa. Mkulima akipita alimwamkia kwa Kisukuma chake kile kizito, na mkulima alikaza mwendo. Nadhani hilo ndilo lililomvunja, si hasara. Siku moja tulipoanza kula alisimama na tonge mkononi, akauliza kama nimesikia mtu akiitikia. Nikasema hapana. Akasema alidhani amesikia. Nililia usiku ule nikiuma shuka, na upande wa pili wa ukuta walikuwa wanacheza karata na kumcheka.

Aliondoka kabla ya mvua. Binti yake alituma lori kutoka Tabora, lakini wazee walikuja wakasema vitu havitoki, vitasambaza mionzi njiani, nyumba itafungwa mpaka itakapokuwa salama. Waliruhusu nguo na godoro. Maduhu, eti kwa kuwa anaijua mionzi, alipewa ufunguo wa kulinda. Mama Yasmin alipita kwanza makaburini, akakaa, akarudi na udongo kwenye ncha ya mtandio wake. Mtaa ulikuwa umejaa watu walioshughulika sana na mambo mengine. Alipanda lori, nami nikampandishia furushi lake, na hapo ndipo Mama Sayi, mke wa Maduhu, akapita na ndoo yake kichwani. Alisimama. Watu wote walimwona amesimama.

"Mwadila, mayu," akamwamkia, kama anavyoamkiwa mama.

Mama Yasmin alimwitikia. Ile ndiyo salamu pekee aliyopewa Kahama tangu siku ya mashine, na ilitoka nyumba ya Maduhu. Nilisikia baadaye kwamba Mama Sayi alilipia salamu ile kwa uso uliovimba, na kwamba hakuomba radhi. Mama Yasmin aliishi Tabora miaka mingi, nami nilimtembelea kila nilipoweza. Hakuwahi kuuliza habari za duka. Aliuliza kama kuna anayefyeka nyasi kwenye kaburi la mumewe, nami nikienda Kahama nilifyeka, nikamwambia lipo safi. Alizikwa Tabora, mbali na mumewe, na nilimtupia mchanga nikiwa na hasira kiasi kwamba imamu aliniambia nipunguze mkono.

Na nyumba? Ilifungwa mpaka ikawa salama, na ikawa salama siku Maduhu alipoinunua. Nani aliuza, kwa karatasi gani, sijui wala sikuambiwa. Alihamia na watoto wake, akatoboa ukuta wa stoo, akapaka rangi. Hakuna aliyeuliza mionzi ilikwenda wapi. Miaka ya mwisho mikono yake, ile iliyoshika zebaki, ilitetemeka mpaka hakuweza kujilisha, na mtaani walinong'ona kwamba amerogwa na watu wenye wivu. Sikumwonea huruma. Nasema kweli, nilijaribu kidogo ikakataa.

Basi kwa nini nilikwenda kwenye msiba wake? Kwa sababu Mama Sayi alinipigia simu mwenyewe. Alisema, "Njoo Minza, usiponiuliza kwa nini nitashukuru." Sikuuliza. Mwanamke aliyesimama na ndoo kichwani siku ile, hata angeniita niende Kigoma kwa miguu ningeanza kutafuta viatu.

Baada ya wasifu kusomwa, wakati wanaume wakipanga nani atabeba jeneza, alinishika mkono akanipeleka jikoni. Alikuwa amepungua, kitambaa cheusi kimemfunika mpaka nyusi. Jikoni kulikuwa na mabinti wanajaza majagi, maana jua lilikuwa kali na waombolezaji wana kiu. Akawaambia wapishe. Na pale pembeni, pale pale lilipokuwa, lilikuwapo friji la kijani. Limepata kutu miguuni. Kishikio cha shaba kimeng'aa kwa kushikwa. Liliguna. Nikaliegemea, kama tulivyokuwa tukiliegemea wakati wa kula.

"Alilitumia kuanzia wiki ya kwanza," Mama Sayi akasema. "Mama wa watu bado yuko njiani kwenda Tabora, yeye anakunywa maji baridi. Aliniambia nikisema, nami nitamfuata huyo mama." Akapangusa kishikio kwa ncha ya kanga. "Wanangu watagawana vitu keshokutwa. Nilitaka ulione kwanza."

Nilimuuliza kama marehemu aliwahi kuamini, hata siku moja, hata kwa dakika. Alifungua friji, akatoa chupa, akanimiminia glasi iliyojaa, na hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Tukarudi nje pamoja. Mabinti walikuwa wamekwisha pita na masinia, na chini ya turubai kila mtu alikuwa na glasi mkononi. Niliwaona wote: mwenyekiti wa zamani na fimbo yake, wachimbaji waliozeeka, wazee waliokataza vitu kutoka, na kwenye mstari wa mbele, yule mama aliyesema kweli kabisa. Sasa alikuwa amegeuka, nikamtambua. Alikuwa Mama Shija, mnene, mwenye hereni za dhahabu, anakunywa kwa raha.

Msemaji wa familia akauliza kama kuna mwenye neno la mwisho kuhusu marehemu. Nikasimama. Nilikuwa nimeandaa maneno hayo kwa miaka, njiani, jikoni kwangu, kanisani, nimeyapanga kwa ukali wake wote, na yote yakanikimbia. Nikainua glasi.

"Naitwa Minza. Nilikuwa nauza katika nyumba hii ilipokuwa ya Mama Yasmin," nikasema. "Maji mnayokunywa yametoka kwenye friji lake. Lile lile mlilopima. Marehemu amelitumia tangu siku alipomfukuza. Liko jikoni, kila mtu anaweza kwenda kuliona."

Nilidhani wataona aibu. Mpaka leo nikikumbuka nacheka kicheko kibaya. Walitazama glasi zao. Mwenyekiti aliweka yake chini ya kiti, polepole, na kufuta vidole kwenye suruali. Mzee mmoja akamwaga mchangani. Mstari mzima ukaanza kuinama, glasi moja baada ya nyingine zikigusa chini, na Mama Shija akainuka ameziba mdomo, akaenda nyuma ya turubai, na sote tukamsikia akitema. Bado walikuwa wanaiogopa. Miaka yote hii, na mtu wao amelala kwenye jeneza mbele yao, amekunywa maji hayo mpaka amezeeka.

Nilikunywa yangu yote nikiwa nimesimama. Yalikuwa baridi, na yalikuwa na ile ladha ndogo ya chuma niliyokuwa nimeisahau. Mama Sayi aliinama kwenye kiti cha Mama Shija, akaokota glasi iliyoachwa, akanywa kilichobaki mbele ya wanawe na mbele ya jeneza la mumewe. Kisha akamwita binti mwenye jagi.

"Mwongezee Minza," akasema. "Amefanya kazi sana katika nyumba hii."